Kiti Kitupu cha Kampala Road

Mpakani Busia, upande wa Uganda, wabadilishaji fedha huanza kazi kabla jua halijapanda. Wanakaa kwenye viti vya plastiki, mabunda ya noti yamefungwa mipira, na ukiwauliza bei ya leo watakujibu bila kuinua kichwa: shilingi moja ya Kenya, ishirini na nane za Uganda. Kesho huenda ikapanda kidogo au ikashuka kidogo. Nimekulia mji huo, na utoto wangu wote nilidhani tofauti hiyo imekuwepo tangu enzi za mababu, kama ulivyo mto Sio.

Sivyo. Mwaka 1966 shilingi ya Kenya, ya Uganda na ya Tanzania zilitoka tumbo moja, yaani ile shilingi ya Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, na zote zilianza na thamani ileile: dola ya Marekani kwa shilingi saba na senti kumi na nne hivi. Leo dola hiyohiyo inauzwa Kampala kwa shilingi 3,500 hivi. Tena hesabu hiyo inatuonea huruma, kwa sababu mwaka 1987 serikali ilifuta sifuri mbili kwenye fedha yetu. Zirudishe sifuri hizo, utakuta dola ni kama shilingi 350,000 za zile tulizoanza nazo, na shilingi ya Kenya, pacha wetu, ni kama 2,800. Ya Kenya nayo imeshuka, lakini haikuanguka hivi. Ardhi yetu ni nzuri kuliko yao, mvua yetu ni nyingi kuliko yao, kahawa yetu ni nyingi kuliko yao. Kwetu alikosekana mtu mwenye uwezo wa kumwambia mkubwa "hapana" alipokuja kuchukua fedha ambazo hazipo.

Mtu huyo, kwa mujibu wa sheria, ni Gavana wa Benki Kuu, ambayo jengo lake liko Kampala Road. Na Katiba ya mwaka 1995 inamlinda kwa maneno ambayo nchi nyingi zingetamani kuwa nayo: ibara ya 162 inasema Benki Kuu, katika kutimiza kazi zake, haitakuwa chini ya maelekezo wala udhibiti wa mtu au mamlaka yoyote. Siioni kasoro katika ibara hiyo. Ninaiona katika ibara iliyoitangulia, ya 161, inayoeleza nani ataketi kwenye kiti, kwa muda gani, na kwa ridhaa ya nani. Uhuru wa benki yetu unavuja hapo, na ulivuja mchana kweupe tangu Januari 2022 hadi Machi 2025, kiti kilipokaa bila Gavana kamili, huku wengi wetu tukiwa na shughuli nyingine.

Lakini nianze na tulikotoka.

Bodi ya Sarafu iliundwa mwaka 1919, makao yake London, yakahamia Nairobi mwaka 1960. Kazi yake ilikuwa nyepesi: leta pauni uchukue shilingi, rudisha shilingi uchukue pauni. Kuikopesha serikali haikuwa kazi yake, isipokuwa kiasi kidogo kilichoruhusiwa miaka ya mwisho. Mkoloni aliridhika nayo, maana sarafu ilikuwa ya kusafirishia pamba na kahawa. Kwa nchi zilizopata uhuru ilikuwa pingu, na Juni 1965 mawaziri wa fedha wa nchi zetu tatu walitangaza kwamba kila mmoja atajenga benki yake. Ya Tanzania ilifunguliwa Juni 1966, ya kwetu tarehe 15 Agosti, ya Kenya Septemba. Wapo wazee wanaosikitika hadi leo kwamba sarafu moja ilivunjwa. Siwalaumu waliovunja, nchi isiyoweza kuamua lolote kuhusu fedha yake bado ina bwana. Ila pingu zilipofunguliwa, swali la pili halikuulizwa: mikono hii iliyo huru sasa, ikizidisha, itashikwa na nani?

Uganda ilianza na mtoto wa nyumbani. Kenya ilimpa kiti hicho mgeni, Leon Baranski, kwa muda wa mwanzo. Sisi tulimpa Joseph Mubiru tangu siku ya kwanza, na tulikuwa na haki ya kujivunia. Mwaka 1971 Idi Amin alichukua nchi, na Mubiru akaondolewa mwaka huohuo. Mwaka 1972 aliuawa, mmoja kati ya maelfu waliopotea katika miaka ile. Ninaitaja habari hii kila mara mtu anaponiambia kwamba uhuru wa benki kuu ni mjadala wa wasomi. Gavana wetu wa kwanza alilala kaburini kabla benki aliyoijenga haijatimiza miaka saba. Kila aliyeketi kwenye kiti kile baada yake, katika miaka ya Amin, alijua jambo hilo alipoletewa karatasi ya kutia saini.

Yaliyofuata Waganda waliyaeleza kwa Kiswahili, hata wale wasioongea Kiswahili nyumbani. Ni jambo linalonigusa kila ninapolifikiria. Magendo: sukari, chumvi, sabuni na kahawa vikipita usiku kwa mitumbwi na kwa mabega ya watu, kwa sababu bei ya serikali haikuwa bei ya kweli. Mafuta mingi: wale waliogawiwa maduka baada ya Waasia kufukuzwa mwaka 1972, wakatajirika kwa kuwa karibu na wenye bunduki. (Sarufi ingedai "mafuta mengi", lakini neno limezaliwa mtaani na halina sababu ya kubadilisha sura.) Halafu kibanda: soko la dola la pembeni, ambako fedha yetu ilipewa thamani yake halisi huku Benki Kuu ikiendelea kubandika ukutani thamani ambayo hakuna aliyeiamini. Maneno matatu, na historia nzima ya sarafu iliyoachwa bila mlinzi imo ndani yake.

Kwa wasomaji vijana, ambao ndio wengi katika nchi hii, nieleze jinsi sarafu inavyoharibika, kwa sababu haiharibiki kwa miujiza. Serikali ina akaunti Benki Kuu. Akaunti yangu ikikauka nikaandika hundi, hundi inarudi na aibu ni yangu. Akaunti ya serikali ikikauka, Benki Kuu ina njia mbili: kuirudisha hundi, au kuandika tarakimu mpya na kuilipa. Tarakimu hizo hazina gunia la mahindi wala kilo ya samaki nyuma yake. Zinamlipa mwanajeshi na mkandarasi, nao wanaingia soko la Kalerwe kutafuta matoke yaleyale ambayo mimi na wewe tunayatafuta, wakiwa na noti nyingi kuliko jana. Mkungu unapanda bei. Muuza matoke hajawa mchoyo na mvua haikukosa. Umelipa kodi bila kupewa risiti, kodi ambayo Bunge halikuipitisha. Na wanaoilipa zaidi ni wale wanaoweka akiba ndani ya mkebe, kwa kuwa hawana dola wala nyumba ya kupangisha.

Mwaka 1981 serikali ya Obote iliiachia shilingi itafute thamani yake, ikaporomoka karibu mara kumi. Mwaka uliofuata dola ikawekewa bei mbili, dirisha la kwanza la nafuu kwa wateule na dirisha la pili kwa waliobaki. Vita vilipoisha Januari 1986 na jeshi la Museveni likaingia Kampala, serikali mpya nayo ilianza kwa kung'ang'ania bei ya dola isiyo ya kweli, na mfumuko wa bei ukapita asilimia 200.

Mei 1987 ndipo zilipofutwa zile sifuri. Shilingi mia ya zamani ikawa moja mpya, na juu yake kila anayebadilisha akakatwa asilimia 30. Mama yangu wakati huo aliuza mukene, wale dagaa ambao hatua mia mbele, ng'ambo ya kizuizi, wanaitwa omena. Fedha yake ilikaa kwenye mkebe wa maziwa ya unga. Aliupeleka mzima, akapanga foleni siku mbili, akarudi na bahasha. Kila shilingi 1,000 aliyokwenda nayo ilikuwa imerudi 7. Sikumbuki akilia wala akilaani. Ninachokumbuka ni kwamba tangu siku ile hakuweka tena akiba kwa shilingi ya Uganda. Alinunua shilingi za Kenya, na zilipotosha alinunua mabati, akayapanga uani chini ya turubai. Nilipokuja kusoma uchumi na kusikia mwalimu akisema "imani kwa sarafu", nilichokiona akilini ni yale mabati.

Katika haki, serikali hiyohiyo ndiyo iliyojirekebisha. Mwaka 1990 ilikubali kwamba kibanda hakitaisha kwa kufukuzwa na polisi, ikakihalalisha. Maduka ya kubadilishia fedha tunayoyaona leo Kampala Road na hapa Busia yalizaliwa hapo. Mwaka 1992, baada ya bei kufumuka tena kwa sababu Hazina ilikuwa inachota Benki Kuu, Rais aliunganisha wizara ya fedha na ile ya mipango, akamweka Emmanuel Tumusiime-Mutebile kuwa Katibu wa Hazina. Ikaanza kanuni ambayo mama yeyote wa nyumbani angeielewa: mwezi huu tutatumia kilichoingia mwezi huu. Sheria ya Benki Kuu ya mwaka 1993 ikaweka ukomo, kwamba mikopo ya muda ya Benki kwa serikali isizidi asilimia 18 ya mapato yake ya kawaida. Miaka miwili baadaye ikaja Katiba. Bei zikatulia kwa zaidi ya muongo mmoja. Ninaamini ni moja ya kazi bora kabisa zilizowahi kufanywa na Waganda kwa mikono yao, na inasikitisha kwamba watoto wetu hawafundishwi.

Mutebile mwenyewe akawa Gavana Januari 2001, akabaki hapo miaka ishirini na moja.

Sasa hapa ndipo uchambuzi wetu huwa mvivu. Tulimtazama Mutebile tukasema, uhuru wa Benki upo, mtazame huyu mzee anavyosema na wakubwa bila kupepesa macho. Ni kweli alisema nao. Lakini uhuru wa mtu na uhuru wa taasisi havifanani. Wa mtu unategemea heshima aliyojijengea, historia yake na aliyemteua, na ujasiri wake wa asubuhi hiyo. Tena hata yeye, mwenye vyote hivyo, kuna siku alishindwa.

Uchaguzi wa Februari 2011 ulikuja na matumizi makubwa. Sehemu ya malipo ya ndege za kivita za Urusi, mkataba wa dola milioni 740 hivi, ilitoka kwenye akiba ya fedha za kigeni kabla Bunge halijaidhinisha. Ulikuwepo pia ukame katika ukanda wetu, na mafuta yalipanda duniani. Si haki kuibebesha Hazina mzigo wote. Lakini Oktoba mwaka huo mfumuko wa bei ulipita asilimia 30, na watu waliokuwa wameanza kutembea kwa miguu kwenda kazini kupinga gharama za maisha walikuwa wamekutana na mabomu ya machozi tangu Aprili. Kabla ya uchaguzi uliofuata, wa 2016, Gavana alisema hadharani kwamba yaliyotokea 2011 hayatarudiwa. Nilimheshimu kwa kusema hivyo. Lakini kauli ile ilikuwa pia ushahidi: ibara ya 162 ilikuwepo mwaka 2011, neno kwa neno kama ilivyo leo, na haikutosha.

Asiyekuwepo ajue pia upande wa pili. Julai 2011 Benki ilianza kutumia riba yake kuu kama breki, ikiianzisha kwenye asilimia 13, na kufika Novemba ilikuwa 23. Mabenki ya biashara yakapandisha zaidi ya hapo. Januari 2012 wafanyabiashara wa Kikuubo, uchochoro wa maduka ya jumla Kampala, walifunga maduka kwa siku kadhaa, na nilipita pale: uchochoro ambao siku zote huwezi kupita bila kukanyagwa ulikuwa wazi kama uwanja siku ya mvua. Walikuwa na haki ya kukasirika. Mtu aliyekopa kwa asilimia 18 akajikuta analipa karibu 28 hakuagiza ndege. Benki haikulegeza kwa sababu ya maduka kufungwa. Ilishusha riba pale bei zilipoanza kurudi, na kabla mwaka haujaisha mfumuko ulikuwa umeshuka chini ya asilimia 10. Uhuru ni huo pia, kuweza kumkatalia hata mnyonge mwenye haki leo ili kesho asipoteze kila kitu. Ila unaona uchungu wake: Benki iliyoshindwa kumkatalia mwenye nguvu mwanzoni mwa mwaka iliweza kuwakatalia wachuuzi mwishoni mwa mwaka. Breki ilikanyagwa, lakini waliogonga kioo ni abiria.

Kipindi hichohicho kamati ya Bunge ilichunguza fidia ya shilingi bilioni 142 kwa mfanyabiashara Hassan Basajjabalaba, kuhusu mikataba ya masoko ya Kampala. Benki Kuu ilikuwa imeyaandikia mabenki ya biashara barua za kuyatoa hofu ili yamkopeshe kabla fidia haijalipwa. Mawaziri wawili, Syda Bbumba na Khiddu Makubuya, walijiuzulu Februari 2012. Wabunge walimtaka na Gavana aondoke, alibaki. Ninaloliona hapo ni swali la ni nani ndani ya jengo lile angeweza kumzuia Gavana asiandike barua zile. Jibu lipo kwenye Katiba: hakuna. Gavana ndiye mtendaji mkuu, na Gavana ndiye mwenyekiti wa bodi inayomsimamia mtendaji mkuu. Naibu wake ndiye naibu mwenyekiti.

Udhaifu huo ulijitokeza tena wazi kwenye mabenki yaliyofungwa. Crane Bank ilichukuliwa Oktoba 2016, na Januari 2017 ikawa mikononi mwa benki nyingine, DFCU. Kamati ya Bunge iliyoongozwa na Abdu Katuntu ilipofukua mafaili ya mabenki saba, kuanzia Teefe ya mwaka 1993 hadi Crane, ilikuta mauzo yasiyo na kumbukumbu za vikao wala mwongozo unaoeleweka. Wakati huohuo, mwaka 2018, Gavana alikuwa amehamisha na kuondoa wakubwa ndani ya Benki, Mkaguzi Mkuu wa maadili ya serikali akapinga, na Gavana akajibu kwa kuinua ibara ya 162 kama ngao. Nilikuwa upande wa Gavana kuhusu ibara hiyo na bado niko. Lakini ngao iliyotengenezwa kuilinda shilingi isitumike kufunika faili lililopotea. Fedha za watu waliokuwa na akaunti kwenye mabenki yale hazikuwa siri ya sera ya riba.

Ndipo tunafika kwenye kiti. Mutebile alifariki Nairobi tarehe 23 Januari 2022, mwaka mmoja ndani ya muhula wake wa tano. Naibu wake, Michael Atingi-Ego, akaanza kukaimu. Wiki zikawa miezi. Miezi ikawa miaka mitatu. Mtu mmoja alikuwa kaimu gavana na naibu gavana kwa pamoja, kwa hiyo mwenyekiti wa bodi na naibu wake walikuwa mtu mmoja. Machi 2025 ndipo Rais alipompendekeza kuwa Gavana kamili, na Profesa Augustus Nuwagaba kuwa naibu, Bunge likaidhinisha.

Rafiki yangu anayefanya kazi katika benki moja ya biashara aliniambia, "Ndugu yangu, unalalamikia nini? Kaimu alifanya kazi nzuri kuliko magavana kamili wa majirani." Ni hoja yenye uzito na sitaipita kwa mbio. Bei zilipopanda duniani mwaka 2022, Benki chini ya kaimu ilipandisha riba yake kutoka asilimia 6.5 hadi 10 ndani ya miezi michache. Mfumuko uligota asilimia 10.7 Oktoba 2022, na mwaka mmoja baadaye ulikuwa chini ya 3. Kwa matokeo, ni kazi safi, na sifa ni ya Atingi-Ego na watu wake.

Lakini fikiria nafasi aliyoifanyia kazi hiyo. Katiba inampa Gavana miaka mitano na inaorodhesha sababu chache tu za kumwondoa: maradhi ya mwili au akili, utovu wa nidhamu, kushindwa kazi. Ulinzi huo ni wa aliyeteuliwa na kuidhinishwa. Anayekaimu ugavana hana miaka mitano ya ugavana, ana leo. Siku yoyote, bila sababu yoyote kutolewa, angeweza kuletwa mwingine akarudi kwenye unaibu. Kila alipopandisha riba alikuwa anafanya mtihani wa kazi mbele ya Rais, ambaye Hazina yake inaumia riba ikipanda. Kwamba alipandisha ni ushujaa wake. Ulinzi wa Katiba ulipaswa kutufanya tusihitaji shujaa.

Na hakuna sheria iliyovunjwa. Hilo ndilo linaloninyima usingizi. Ibara ya 161 inasema Rais atateua kwa idhini ya Bunge, haisemi lini. Huwezi kwenda mahakamani kudai tarehe ambayo haikuandikwa. Zamani, kumdhibiti gavana kulihitaji kumfukuza, na kulionekana. Sasa inatosha kutomteua. Kiti kinabaki na vumbi, na hakuna hata habari ya kuandika gazetini, kwa maana hakuna kilichotokea.

Ninachopendekeza ni kidogo sana kikilinganishwa na ukubwa wa tatizo. Iandikwe siku: kiti cha Gavana au naibu kikiwa wazi, jina lifike Bungeni ndani ya siku tisini, na zikipita, bodi yenyewe ipendekeze majina matatu moja kwa moja kwa Bunge. Mihula iwe na mwisho. Kenya wamempa Gavana wao miaka minne inayorudiwa mara moja tu, basi, na wamemtenganisha na mwenyekiti wa bodi. Sisi hatuna kikomo, kwa hiyo kila Gavana anapofika mwaka wa nne anaanza, apende asipende, kutazama upande wa Ikulu. Mimi ningependa hata zaidi muhula mmoja mrefu, miaka minane bila kurudia, ambao hauna cha kuombwa mwishoni. Uenyekiti wa bodi uende kwa mtu mwingine, ili barua kama zile za mwaka 2010 na 2011 zipite mbele ya macho ya pili. Yote haya yanahitaji kugusa Katiba, na wabunge wetu wameonyesha mara mbili, 2005 na 2017, kwamba wakitaka kugusa Katiba wanajua njia.

Wapo watakaosema uhuru wote huo unawapa wasiochaguliwa nguvu ya kuwatawala waliochaguliwa. Ninaielewa hofu hiyo, hasa nikikumbuka Kikuubo. Lakini Bunge ndilo liseme lengo ni lipi, Benki ichague njia, na Bunge liulize maswali yote baadaye, na mafaili yafunguliwe. Kinachokatazwa ni simu ya usiku.

Muhula wa Gavana wa sasa, ukihesabu tangu Machi 2025, unakwisha mwaka 2030. Uchaguzi mkuu baada ya ule wa 2026 ni wa 2031. Na 2031 ndio mwaka ambao Jumuiya ya Afrika Mashariki imejiwekea upya kuanza sarafu ya pamoja, baada ya ule wa 2024 uliotajwa katika itifaki iliyosainiwa Kampala Novemba 2013 kupita bila sarafu. Siku hiyo ikifika, magavana wataketi meza moja kuamua shilingi yetu inaingia kwa thamani gani, na bei watakayokubaliana haitabadilika tena asubuhi kwenye viti vya plastiki vya Busia. Kama hakuna kitakachoandikwa kati ya leo na 2030, hakuna sheria itakayozuia mwakilishi wa Uganda kwenye meza ile kuwa kaimu.